Nilivyomruka Bibi Njiani Kwenda Ikinga

Tarehe 14 Juni mwaka 2014 tulimpoteza baba, nyumbani kwake Tunduma. Siku ya kuanua matanga, ndugu wakigawana nguo zake, baba mdogo aliingiza mkono chini ya kitanda akatoa kitu kizito kilichofungwa kwa mkono wa sweta kuukuu. Akauliza kama yupo anayekitaka, au wapewe wanaonunua vyuma chakavu. Hakuwa amekifungua bado, lakini mimi nilishakijua kwa harufu. Ilikuwa grisi ya siku nyingi, iliyoshika vumbi ikapata harufu yake yenyewe, kati ya mafuta ya taa na udongo uliolowa.

Kilikuwa kirungu cha nyuma ya pikapu ya baba, kile cha chuma, mviringo kama yai la bata, ambacho shingo ya karavani ilikuwa inakikalia. Nikasema nakitaka mimi. Kaka zangu walicheka. Mwanamke na kirungu cha gari, wapi na wapi. Sasa kipo dirishani jikoni kwangu, na jua likikipiga mchana harufu inarudi. Ndiyo maana nimeona niwaandikie haya, ingawa mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la saba.

Karavani huenda wengine hamjaiona. Ni nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili, inavutwa na gari. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kampuni iliyokuwa inatengeneza barabara ilipomaliza kazi na kuondoka, iliacha moja ambayo mafundi wao walikuwa wanalalia porini. Baba alikuwa dereva wao, wakamwachia. Alipoifikisha nyumbani watu walitoka kuitazama kama wametembelewa na bwana harusi. Mama aliizunguka mara moja, akachungulia ndani, akasema, "Hii ni jiko."

Ikawa jiko kweli. Mama aliuza chai ya tangawizi, maandazi na wali maharage kwa madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kuvuka mpaka. Foleni ilikuwa haikai mahali pamoja. Ikirefuka tuliifuata hadi kijijini Mpemba, ikifupika tunarudi karibu na geti. Kwa hiyo baba alikuwa anaifunga na kuifungua karavani kila mara, na mimi nilikuwa nasimama pembeni namwangalia, kwa sababu ilikuwa ndiyo kazi pekee ambayo baba alikuwa anaifanya huku anaongea.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Lakini juu ya shingo ya karavani alikuwa nayo. Alisema karavani ni kama mtoto unayembeba mgongoni. Akikulalia sana unatembea umeinama, akijitupa nyuma anakuangusha, inatakiwa akuegemee kidogo tu. Vitu vizito vikizidi mbele, pikapu inakaa chini kwa nyuma, pua inapanda, usukani unakuwa mwepesi kama hauna gari. Vikizidi nyuma, shingo inakuwa nyepesi, na hapo karavani inaanza kutikisa mkia barabarani. "Ikishaanza kutikisa mkia," alikuwa akisema, "sasa ni yenyewe inayoendesha, siyo wewe."

Kwa hiyo kabla ya kuifunga alikuwa anatanua miguu, anaishika shingo kwa mikono miwili na kuinyanyua. Alitaka iwe nzito kama ndoo mbili za maji zilizojaa. Ikiwa nyepesi alimwambia mama asogeze gunia la mkaa mbele. Ikiwa nzito anaambiwa alirudishe. Halafu akishaifunga anasimama nyuma ya pikapu na kuipima bampa kwa mguu wake mwenyewe. Ilitakiwa ifike chini kidogo ya goti. Mama alikuwa anamtania kwamba siku akivunjika mguu hatutasafiri tena.

Sasa nije kwa bibi.

Bibi alikuwa mama yake baba, Mndali wa Ikinga, kule Ileje milimani. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye meno machache na ulimi wa kutosha. Mimi alikuwa ananiita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na alikuwa ananilaumu kwamba nimemloga babu akanipenda mimi, wakati babu alikufa kabla sijazaliwa. Aliletwa kwetu Tunduma akiwa anaumwa tumbo, akapelekwa hospitali, akalazwa, akarudi. Sikuambiwa hospitali walisema nini. Niliona tu kwamba aliporudi, watu wazima walianza kuongea naye kwa sauti ya chini, na yeye akaanza kuongea kwa sauti ya juu.

Alikuwa na neno moja tu. Anataka nyumbani kwake. Babu amelala Ikinga pembeni ya kahawa yake, naye anataka kuiona hiyo kahawa kwa macho yake kabla ya lolote. "Nisifie kwenye moshi wa malori," alisema. "Huko hata malaika atanikosa."

Kukaa alikuwa hawezi. Wakimkalisha analia, na bibi hakuwa mtu wa kulia. Ndipo baba akasema atalala kwenye karavani, na ataendeshwa polepole hadi afike. Mama alikubali, akatoa majiko nje. Baba alitandika godoro sakafuni, juu ya magurudumu palepale, kwa sababu alisema katikati ndipo pasiporuka sana. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo bibi alilazwa kukingama, kichwa ukuta huu na miguu ukuta ule. Mbele yake, upande wa shingo, baba aliweka mkaa, dumu la maji na sufuria za mama. Nyuma, upande wa mlango, aliacha wazi ili mama na mimi tukae. Kisha akainyanyua shingo. Akasogeza dumu. Akainyanyua tena. Sijawahi kumwona akipima vile. Alipoifunga, bampa ilikaa chini ya goti lake sawasawa, akaifuta grisi mikononi kwa sweta yake.

Nyuma ya pikapu walipanda ndugu wa kusindikiza, wamejaa, na shangazi, dada yake baba, akiwa juu ya wote.

Hatukuwa tumewasha gari majirani walipoanza kuja. Kwetu mgonjwa anaporudishwa nyumbani huwezi kumuaga mikono mitupu. Mama mmoja wa Zambia aliyekuwa anauza mafuta mpakani alileta dumu dogo la mafuta, akapiga magoti mlangoni, akasema, "Mukwai, mayo," salamu yao ya heshima kwa mama, akampa bibi mkono na kuliweka palepale alipopiga magoti. Mwingine alileta maharage. Mwingine sukari na sabuni. Pale Mpemba walikuwa wanatusubiri barabarani, ukoo wa mke wa baba mdogo, na wao walileta gunia zima la unga lililoshonwa mdomo kwa uzi wa bluu. Huko mbele, kila kijiji ambacho bibi alikuwa na mtu wake, tulisimamishwa. Mahindi. Ndizi mikungu. Kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu, ambaye alinitazama njia nzima kana kwamba mimi ndiye niliyemkamata.

Vyote viliwekwa nyuma, mlangoni. Hakuna aliyeweza kuvipeleka mbele, maana mbele kulikuwa ng'ambo ya bibi, na mtu mzima aliyelala harukwi. Tena mgonjwa. Tena mzee. Hata sisi watoto tulijua kwamba ukimruka mwenzio hatarefuka, na ukikosea ukamruka inabidi umruke tena kurudi, ili iwe kama hukumruka.

Nilimuuliza bibi, "Gunia zima la unga, bibi, utalimaliza?"

Mama alinifinya. Bibi aliliangalia lile gunia.

"Nitakula taratibu," alisema.

Baada ya hapo kukawa na mteremko mrefu wa kushuka kuelekea Isongole, barabara ya udongo mwekundu, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili migomba iko chini unaiona vichwa. Kwanza vilianza vifuniko vya sufuria kugongana. Halafu sakafu ikaenda kushoto, taratibu, ikarudi kulia, ikaenda tena kushoto zaidi. Kuku alipiga kelele. Mama alimlalia bibi kifuani na kushika miguu ya benchi lililopigiliwa ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya lile gunia, na nilihisi mkia wote wa karavani ukinipeleka upande wa migomba kama mtu anayerusha kitu akakizuia, akarusha tena. Kutoka kwenye pikapu nilisikia watu wanamwita Mungu, na shangazi anamwita baba kwa jina lake la utotoni.

Baba hakukanyaga breki. Alikuja kutuambia baadaye kwamba mguu wake ulitaka, na alikuwa anaukataza. Aliachia mafuta tu, akanyoosha usukani, akaiacha ichoke. Ikachoka. Tulisimama gurudumu moja la karavani likiwa kwenye ukingo, na udongo unamomonyoka chini yake kwa sauti ndogo kama mtu anayemwaga mchele.

Baba alikuja mlangoni. Alimtazama bibi kwanza.

"Mama."

"Nipo," bibi alisema. "Umekunywa?"

Baba alitikisa kichwa. Aliangalia mizigo, akaenda nyuma ya pikapu, akasimama pale na mguu wake. Bampa ilikuwa juu ya goti. Juu kabisa.

"Nimeiona tangu Mpemba," alisema.

"Umeona nini?" shangazi akauliza.

"Inapanda. Kila wanapoweka kitu inapanda."

"Na hukusema?"

"Ningewaambia nini watu? Chukueni unga wenu?"

Hata shangazi mwenyewe asingesema hivyo. Akaanza kusema lile analoliweza. Kwamba vitu vya mgonjwa havishushwi njiani. Kwamba vikiachwa hapa, kesho habari itakuwa imefika Mpemba kabla yetu, kwamba tumetupa msaada wa watu porini. Kwamba kwenye pikapu hakuna pa kuweka hata sindano. Yote yalikuwa kweli. Baba alisema, "Basi visogezwe mbele," na shangazi akasema, "Vipitie wapi?" Dirisha la mbele lilikuwa limepigiliwa bati tangu enzi za mafundi. Kumtoa bibi nje na kumrudisha haikuwezekana. Kule Tunduma, kumpandisha tu, alikuwa amepoteza sauti, na baba aliogopa kwamba tukimshusha hapa, Ikinga hataiona. Wanaume walitazama chini. Mama alikuwa mkwe, asingeweza hata kufikiri kumruka. Jua lilikuwa limeshaanza kwenda upande wa Malawi, na mbele bado kulikuwa na miteremko.

Bibi alikuwa anasikia yote. Alisema kwa Kindali, mimi nawaandikia kwa Kiswahili kama ninavyoyakumbuka.

"Mke mwenzangu yupo hapo?"

"Nipo, bibi."

"Wewe ndiye utakayeniruka."

Mama alisema, "Mama, hapana."

"Wewe nyamaza, ni mimi ninayerukwa."

Mimi nilianza kulia. Nikamwambia, "Bibi, hutarefuka."

Alicheka, akashika tumbo lake kwa sababu lilimuuma kucheka. "Mimi nimekua vya kutosha," alisema. "Nirefuke nikashike nini? Ruka."

Mama alikata ule uzi wa bluu. Alikuwa anachota unga kwa ndoo, ananipa, nami natia mguu ng'ambo ya bibi, kisha wa pili, na kuumwaga kwenye sufuria kubwa za wali zilizokuwa mbele. Zilipojaa mama alitoa foronya za mito tukajaza hizo. Nikibeba unga namruka kwenda, nikirudi na ndoo tupu namruka kurudi, na kila niliporudi moyo ulitulia kidogo, maana nilijua nimemfungua. Mara ya kwanza nilifumba macho. Bibi akasema, "Fumbua, utanikanyaga, ndipo nitakufa vizuri." Baadaye alikuwa ananihesabia makosa. Gauni limenipiga uso. Unga umeniingia puani. Mke gani asiyeweza kunyanyua miguu.

Nje, wanaume walikuwa wameisukuma karavani ikarudi barabarani, wameweka mawe mbele ya magurudumu na kuifungua shingo, na baba alikuwa anainyanyua kila mara. Nilikuwa nasikia sauti yake kupitia bati.

"Bado."

Maharage yakapita. Ndizi zikapita, mkungu mmoja mmoja, nikiuburuta juu ya blanketi la bibi kwa sababu ulinishinda.

"Bado kidogo."

Nikamchukua kuku. Nilimruka bibi na kuku kifuani, nikamweka juu ya mkaa, na niligeuka tayari kurudi baba aliposema, "Basi. Hapohapo. Nani yuko mbele?"

"Ni mimi, baba."

"Kaa hukohuko. Usirudi. Wewe nawe ni uzito."

Nikabaki upande wa mbele. Mama na bibi upande ule, mimi na kuku upande huu. Nilimwambia bibi kwa sauti ndogo kwamba sijarudi, nimemruka sijarudi. Akanyoosha mkono akanishika kidole cha mguu, ndicho alichoweza kukifikia.

"Utarudi tukifika," alisema.

Tulifika Ikinga jua linazama, polepole, karavani ikifuata pikapu kama ng'ombe mwenye adabu. Watu walikuwa wamejaa uani. Mlango ulifunguliwa, wanaume wakaingia, wakambeba bibi na godoro lake, wakamtoa. Mimi nilikuwa bado mbele nimezibwa na ndizi. Nilipotoka kulikuwa hakuna wa kumruka. Walishamweka kwenye kitanda chake, na alikuwa anauliza kwa nini kahawa haijapaliliwa.

Aliishi hadi Jumapili. Alikunywa uji, alitukana watu wawili watatu, aliiona kahawa kupitia mlangoni. Mimi sikupewa tena nafasi ya kumwendea peke yangu. Na kwa miaka mingi, niwaambie ukweli, niliamini kwamba kilichomuua ni ule mruko mmoja ambao sikuurudisha.

Kwenye msiba walipika. Nilikula ugali wa unga ule niliouvusha, na maharage, na kuku jike mwekundu nilimtambua kwa miguu. Niliona ni jambo la kawaida, vyakula vipo, watu wanakula.

Nilikuja kuelewa nikiwa mke wa watu, kule Iyula. Jirani yetu alirudishwa kutoka hospitali, na mama mkwe akaniambia nipime debe la mahindi tumpelekee. Nikamuuliza mgonjwa gani wa kula debe zima. Mama mkwe alinitazama tu. Nilikuwa nimeinama kwenye gunia na kopo mkononi, nikakaa chini. Yale yote waliyoleta Tunduma, Mpemba na njia nzima, yalikuwa ya matanga. Kila aliyepiga magoti mlangoni alijua, na baba alijua, ndiyo maana hakuweza kusema chukueni. Na bibi alijua kuliko wote. Alilala katikati ya barabara siku ile, msiba wake mwenyewe ukipita juu yake ndoo kwa ndoo, mikononi mwa mjukuu aliyedhani ni chakula cha mgonjwa. Akawa anamkosoa jinsi anavyonyanyua miguu, ili asiogope.

Sikuwahi kuongea na baba juu ya jambo hili. Karavani ilioza, pikapu iliuzwa, akabakiwa na kirungu.

Mwezi ule wa sita tulipompoteza, baba alikuwa hapandi tena kitandani. Tulimtandikia godoro chini kwenye chumba cha uani, na chumba ni chembamba, godoro liligusa ukuta huu na ukuta ule. Asubuhi ile ya mwisho nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Akataka dirisha lifunguliwe. Dirisha lilikuwa upande wa pili.

Nilisimama, nikabaki nimesimama.

"Pita," alisema.

"Baba."

"Pita tu. Nimekua vya kutosha."

Nilimruka. Nilifungua dirisha, na sauti ya malori kwenye foleni ikaingia pamoja na moshi wake, akageuza uso kuisikiliza. Kisha nikamruka tena, kurudi, nikakaa pale nilipokuwa nimekaa.